Mkono Uliobaki Ndani ya Boksi

Walianza na mashine ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

Fundi Kiula aliichukua bangili ya gemu, akaifuta kwa pindo la koti lake, akailaza juu ya meza ya kioo. Zaituni alikaa upande wa pili, mkono wake wa kulia ukiwa mapajani kama mzigo wa mtu aliyemwomba amshikie kidogo halafu asirudi. Ulikuwa na joto. Kucha zake zilikua kama za mkono mwingine. Lakini tangu ile homa ya mishipa impitie, ulikuwa haumjibu. Zaituni alikuwa msusi, na msusi wa mkono mmoja hana kazi ila kukaa mlangoni akitazama vichwa vya watu vikipita.

"Usitegemee sana, dada," fundi alisema. "Hawa wa bangili huwa wembamba. Mtu anacheza yuko kwenye foleni, anacheza huku anapika. Pacha hashibi."

"Mimi nilicheza sana, fundi."

"Kila anayekaa hapo ananiambia hivyo. Nikimfungua pacha wake, namkuta amekonda kama njiti ya kiberiti."

Meza ikawaka. Ndani ya kioo, polepole, kama kitu kinachopanda kutoka chini ya maji yaliyotulia, akatokea mwanamke amekaa barazani anacheza karata peke yake. Hakuwa na sura ya kueleweka, lakini Zaituni alimtambua papo hapo. Alimtambua kwa jinsi alivyoinamisha karata kidogo kabla ya kuitupa, kana kwamba anaiomba radhi. Ilikuwa miaka ya ndoa yake. Mume yuko safarini, jioni ni ndefu, redio ya jirani inaimba mambo yasiyomhusu, na yeye na bangili yake wanatupa karata mpaka chai inapoa.

"Bado anacheza," alisema kwa sauti ndogo.

"Huwa hawaachi."

Ndivyo zilivyokuwa mashine hizi. Waliozitengeneza walitaka tu zijue vidole vya mwenyewe vinapenda kwenda wapi, ili mchezo uwe mtamu. Baadaye ikaonekana kwamba kile kilichojifunza vidole kilikuwa hakiachi kujifunza. Mwenye mashine akilala, chenyewe kiliendelea kucheza. Watu wakakiita pacha. Halafu hospitali zikagundua kwamba pacha anaweza kumiminwa. Mkono uliokufa unafungwa kitambaa cha waya laini, pacha anapita humo, anaingia mkononi na kuikumbusha mishipa njia iliyoisahau. Humiminwa mara moja tu. Akishaingia mkononi, kwenye mashine hayupo tena. Kwa hiyo iliwekwa sheria kwamba pacha aulizwe kwanza, na kila pacha alijibu kwa namna ya mchezo wake.

Fundi alikuwa anapima. Akatikisa kichwa.

"Huyu ana kidole gumba na cha shahada, basi. Anajua kutupa karata. Nikikumiminia huyu, utaweza kushika kijiko."

Zaituni alimtazama yule mwanamke wa barazani. Aliona haya, kama mtu aliyechungulia dirishani kwa watu.

"Muache acheze," alisema.

"Kabla ya hii ulikuwa na nini?"

"Sahani."

Fundi akacheka, maana kila mtu wa umri wao alikuwa na sahani. Uliiweka sakafuni, ukasimama juu yake, ukachezesha mikono hewani, nayo ikausoma mwili mzima. Zaituni alikuwa msichana wa saluni Dodoma enzi hizo. Asubuhi, kabla wateja hawajaja, yeye na wenzake walisukuma viti ukutani wakaiwasha. Mchezo ulikuwa wa kukamata ndege wa rangi wanaoruka kwa muziki. Hapo tu, katika maisha yake yote, ndipo Zaituni alipokuwa haoni haya. Alikuwa anaruka. Ndege walikuwa wanatua kwenye vidole vyake.

"Iko wapi?"

"Nilipoolewa nilimpa mwenzangu. Akamfuta pacha wangu ili alee wake."

"Alifanya sawa. Mashine moja hailei watu wawili. Ikipita mikono tofauti, hawa wanavurugana, unapata uji." Fundi alizima meza. "Basi, dada. Hizo ndizo mbili?"

"Kuna boksi."

"Boksi lipi?"

"La utotoni. Lile la pedi ya waya, ya kushika kwa mikono miwili. Liko Singida kwa dada yangu." Alisita. "Linalea vifaranga."

"Linafanya nini?"

"Linapata moto, fundi. Dada huliweka kwenye kasha la vifaranga, wanalala pembeni yake. Ameliunga kwenye sola."

Fundi Kiula alikuwa amekwisha kuanza kucheka. Akaacha.

"Lakini huwa analizima."

"Akilizima vifaranga watakufa kwa baridi," Zaituni alisema. "Halijazimwa tangu niondoke nyumbani."

* * *

Katika kumbukumbu zake, boksi lilikuwa la kijivu na kubwa kama mkate wa siku ya sikukuu. Baba alimletea alipougua surua, akalazwa chumba chenye giza, mapazia yameshushwa. Alilisikia likinguruma kabla ya kuliona. Mwanga wake ulikuwa wa bluu hafifu ambao hauumizi macho, na ndani ya mwanga ule kulikuwa na msichana mwenye taa.

Mchezo haukuwa na maneno. Msichana anasimama ukingoni, mbele yake ni ukungu. Ana taa, ana nyundo, ana mbao. Anapiga ubao mmoja, anaukanyaga, anapiga mwingine. Ukienda haraka unaanguka. Ukichelewa, taa inafifia. Watoto wa mtaani walisema upande wa pili kuna mji, na binamu wa mtu fulani aliwahi kufika, lakini binamu huyo alikuwa anaishi mbali na hakuna aliyemwona.

Zaituni alikumbuka mkeka, alikumbuka harufu ya dawa ya surua, alikumbuka pedi ilivyokuwa nzito mikononi mwake. Alijikumbuka yeye na daraja lake. Dada yake Sikitu naye alikuwapo, amekaa pembeni bega kwa bega kama kawaida yake, anatazama.

Hivyo ndivyo alivyokumbuka, na hivyo ndivyo alivyowasimulia watu siku zote.

* * *

Sikitu aliwapokea uani, ungo wa pumba kiunoni. Juu ya paa lake vyandarua vya kuvuna umande vilikuwa vimekunjwa kwa ajili ya mchana, na nyuma ya nyumba alizeti zilisimama zote zimegeuza nyuso upande mmoja, kimya, kama watu waliosikia wanaitwa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekonda. Dodoma siku hizi hamli?" Hakungoja jibu. Aliutwaa mkono wa kulia wa mdogo wake, akaugeuza, akauminya kiganja kama anavyominya kuku anayetaka kumnunua. "Unauma?"

"Hauumi."

"Hapo ndipo pabaya." Akaurudisha taratibu mahali pake. "Na huyu baba?"

"Kiula, mama. Fundi."

"Kiula wa wapi?"

"Wa Iramba."

"Basi ni mtu wa hapa hapa. Karibu ndani, ila tazama miguu yako, wadogo wamezagaa."

Kasha lilikuwa kwenye kona ya chumba cha nje, limetandikwa maganda ya alizeti. Katikati yake lilikaa boksi, limebabuka rangi, na vifaranga wamelizunguka shingo zikiwa zimelalia ubavu wake. Mmoja alikuwa juu kabisa, amefumba macho, anayumba. Ukutani, juu ya kasha, kilitundikwa kioo kidogo kinachowaka. Kulikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu taa inayotembea.

"Mama, runinga ya nini kwa kuku?" fundi aliuliza.

"Wanapenda mwanga. Na mimi napenda kujua Bi Mbao amefika wapi."

"Nani?"

"Huyo." Sikitu alionyesha kwa kidevu. "Si anapiga mbao? Nikija asubuhi namwamkia, namwambia, haya, Bi Mbao, leo unajenga wapi. Simwoni akichoka. Laiti ningekuwa na mfanyakazi mmoja wa namna hiyo."

Fundi alipiga magoti, akaunga nyaya zake. Kifaranga kikampanda begani, hakukitoa. Alitazama kipimo chake kwa muda mrefu.

"Mama yangu," alisema.

"Amekonda?" Zaituni aliuliza.

"Dada, huyu hajakonda. Huyu amejaa mpaka sijui anaeneaje kwenye boksi."

Akagusa kitu, picha ya kioo ikaanza kurudi nyuma. Taa ikawa ndogo. Daraja likaonekana nyuma yake, ubao kwa ubao, likipinda kama njia ya mbuzi mlimani. Picha ikazidi kurudi nyuma. Kulikuwa na ngazi. Kulikuwa na vibanda vya kupumzikia vyenye paa. Kulikuwa na mahali daraja lilipogawanyika, likazunguka kitu kisichoonekana, likakutana tena upande wa pili. Hakuna aliyemfundisha hayo, na mchezo wenyewe haukuwa na vibanda wala paa. Fundi alizidi kuivuta, na daraja likazidi kuwa jembamba, likawa uzi, uzi unaong'aa kidogo ndani ya weupe, na mwanzo wake haukuonekana.

Zaituni alihisi kama anatazama usingizi wake mwenyewe, wa zamani sana, aliouacha ukiendelea.

"Nipe mkono wako wa kushoto," fundi alimwambia. Akapima vidole vyake kimoja kimoja dhidi ya kioo. "Ndio hasa. Kushoto ni wewe, hata kwa kuapa. Sasa kulia ndiko tunakokutaka." Akakunja uso. "Kulia kuna kasi. Lakini kuna tabia. Kabla ya kupiga, kunangoja kidogo. Kushoto kwako hakungoji, kunakwenda tu. Sijawahi kuona mtu ambaye mikono yake haijuani tabia hivi."

Sikitu alikuwa amechuchumaa, analisha vifaranga. Alichota pumba kwa vidole vitatu, akatulia kidogo, akarusha. Akachota, akatulia, akarusha.

Kwenye kioo msichana alishika nyundo, akatulia kidogo, akapiga.

Zaituni alitazama huku, akatazama kule.

"Dada," alisema. "Ni wewe."

"Nimefanya nini?"

"Mkono wa kulia. Ni wako."

"Kwani ulidhani wa nani?" Sikitu alirusha pumba tena. "Pedi ilikuwa kama kichwa cha mbuzi, na wewe ulikuwa kijitu hiki. Ukishika huku, kule hufiki. Ukalia. Nikakwambia, shika kwako, nashika kwangu. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Kumbukumbu ilikuwapo muda wote, alikuwa ameikalia tu. Bega la Sikitu halikuwa pembeni likitazama. Lilikuwa limebanwa na lake kwa sababu mikono yao ilikuwa kwenye pedi moja, na hata alipokua, vidole vikafika kote, hawakuwahi kucheza kwa namna nyingine. Kulikuwa na ishara. Sikitu akigonga mgongo wa mkono wa Zaituni mara moja, ngoja. Akigonga mara mbili, twende.

"Nimewaambia watu wote lilikuwa langu," alisema. "Kwamba nilikuwa nacheza mwenyewe. Mbona hukuwahi kunisahihisha?"

"Nikusahihishe nini? Kwamba nilikushikia pedi? Hayo nayo ni ya kusema?" Sikitu alikung'uta vidole. "Lilikuwa lako. Baba alikununulia wewe."

Fundi Kiula alikaa chini kabisa, kifaranga bado begani.

"Ndiyo maana hakuvurugika," alisema, nusu akijisemea. "Pedi haikupita mkono kwa mkono. Mikono ilikuwa miwili siku zote, mmoja kushoto, mmoja kulia. Boksi likadhani ni mtoto mmoja. Likalea mtoto mmoja."

* * *

Walikunywa chai hapo hapo, kwa kuwa hakuna aliyetaka kutoka chumbani. Fundi akaeleza mambo yalivyo. Nyinyi ni damu moja, alisema, mishipa itampokea pacha. Zaituni atapata mkono mzima, vidole vyote, kasi ile ile. Ila utakuwa umefundishwa na Sikitu.

"Kwa hiyo nitasuka kwa mkono wa dada?"

"Ole wa wateja wako," Sikitu alisema. "Mimi nikishika hata mkia wa mbuzi nausokota unafumuka."

Wakacheka wote. Kisha Sikitu akauliza, kicheko kikiwa bado kinywani, "Na hapa kwenye boksi atabaki nani?"

Fundi aliweka kikombe chini.

"Boksi litabaki. Litapata moto kama kawaida. Vifaranga hawatajua."

"Sijauliza vifaranga."

"Mama, akimiminwa, hapa hayupo."

"Anakwenda wapi?"

"Anakwenda mkononi."

"Mkononi kuna daraja?"

Fundi aliitazama chai yake.

Sikitu alisimama, akaenda kusimama mbele ya kasha kama mtu anayeziba mlango. Alikuwa na sauti ya kawaida, hiyo ndiyo iliyomtisha Zaituni.

"Wewe ulipopelekwa kwa shangazi Dodoma, ulikuwa unacheza. Gari likapiga honi. Nikakugonga mkono mara moja, nikasema ngoja, tunarudi. Ukaondoka. Hukurudi, si kosa lako, shule ikashindikana, kazi ikaja, ukaolewa. Lakini huyu alishaambiwa angoje. Mimi sikuweza kucheza tena, nina upande mmoja tu. Nikaona basi, nisimzime. Nikamtafutia kazi ya vifaranga ili watu wasinicheke kwamba naweka umeme kwa ajili ya gemu. Na kweli anawalea. Lakini kwanza ilikuwa hivyo, nilikuwa simzimi. Ni mtoto, Zai. Ana umri ule ule. Unataka kuniambia alikaa miaka yote hiyo akingoja, ili mtu aje amtie mkononi?"

Zaituni hakuwa mtu wa kubishana. Tangu utotoni, sauti zikipanda, yeye alikuwa anatafuta pazia. Aliutazama mkono wake.

"Dada, mimi sijui kazi nyingine," alisema mwishowe. "Darasani sikufika mbali, unajua. Maneno mbele za watu yananikimbia. Mtu akikaa kwenye kiti changu, nikashika nywele zake, hapo ndipo naongea. Naongea na mikono. Sasa hivi nimekuwa bubu. Ukisema hapana, nitarudi Dodoma, sitakulaumu. Lakini usidhani nimekuja kuchukua kitu kwa mchezo."

Kifaranga kilichokuwa juu ya boksi kiliteleza, kikaanguka kwenye maganda, kikalia. Sikitu alikiokota, akakirudisha. Alikaa akimtazama msichana mwenye taa kwa muda, na msichana, bila kujua kwamba anazungumzwa, akachota ubao, akatulia kidogo, akapiga.

"Sheria inasema aulizwe?" Sikitu alisema.

"Ndiyo, mama. Nina kifaa cha kuulizia."

"Kiweke mfukoni. Akuone wewe, akujue umetoka wapi? Tutamuuliza sisi."

* * *

Pedi ilikuwa imening'inia kwenye msumari, imefungwa kanga kuukuu. Sikitu akaifungua. Akatandika mkeka. Wakakaa, bega kwa bega, wanawake wawili wazima ambao hawakuenea tena pale walipokuwa wakienea.

"Shika kwako," Sikitu alisema.

Zaituni akashika kushoto. Kulia kwake kulilala mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu homa ile hakukuwa na upungufu wowote. Upande uliokosekana ulikuwa umeshikwa.

Kwenye kioo msichana alisimama. Alikuwa ameinua nyundo, akaishusha. Akageuka kushoto, akageuka kulia, kama mtu aliyesikia hatua anazozijua. Kisha akatulia kabisa, ikawa wazi kwamba anawaachia njia.

Wakatembea. Mwanzoni walijikwaa, Zaituni akienda kabla dada hajapiga ubao, na Sikitu akamwambia, "Hujabadilika, una haraka kama mtu anayekimbiza mvua." Halafu mwili ukakumbuka. Kushoto kukaenda, kulia kukangoja, kukapiga. Ukungu ulipasuka mbele ya taa na kufunga nyuma yake. Walipita chini ya vibanda vile vyenye paa, na Zaituni akaona kwamba katika kila kibanda kulikuwa na mbao mbili za kukalia, zimewekwa kando kwa kando. Aliusikia mkono wa dada yake ukilegea kidogo kwenye pedi, akajua naye ameziona.

Ni Sikitu aliyezungumza.

"Bi Mbao," alisema, "huyu ni mwenzako, yule wa kushoto. Ameumwa mkono. Haumtii. Kuna fundi hapa anaweza kukutoa humu ukakaa kwenye mkono wake, umfundishe. Lakini ukitoka, daraja hutalipiga tena. Sijui huko kukoje. Fundi naye hajui, nimemuuliza. Mimi nilikugonga mara moja, nikakwambia ngoja. Umengoja vizuri. Sasa sikugongi. Sema wewe."

Waliacha vidole vyao vitulie. Alizeti zilisugua majani nje. Fundi Kiula alikuwa ameshika kifaranga kwa mikono miwili kana kwamba amekabidhiwa.

Pedi ikatetemeka mara moja.

Sikitu akashusha pumzi. "Anasema ngoja," alisema. "Amekataa, Zai."

Zaituni alifumba macho, akayafumbua. "Sawa," alisema, na alimaanisha. "Muache."

Lakini msichana alikuwa anafanya kitu. Alikuwa amechota ubao, bila wao kugusa chochote. Akaupiga. Akaukanyaga kuujaribu, kama mtu anayemaliza kazi yake ya siku. Akapiga nguzo pembeni yake, akatundika taa juu ya nguzo hiyo. Hawakuwahi kumwona bila taa. Akarudi nyuma hatua chache, akaitazama. Kisha akageuka upande wao.

Pedi ikatetemeka tena, mara mbili.

Sikitu alipangusa uso kwa kanga ya pedi.

"Haya fundi," alisema. "Fanya kazi yako kabla sijageuka."

* * *

Fundi alisema mkono utachukua muda kuamka, tena usiharakishwe. Akarudi Dodoma na kifaranga ndani ya mfuko wa koti, zawadi ambayo hakuweza kuikataa. Zaituni akabaki.

Boksi liliendelea kupata moto. Vifaranga walililalia kama zamani. Kwenye kioo kulikuwa na ukungu, na nguzo, na taa iliyotundikwa, na hakuna aliyekuja kuichukua. Sikitu aliingia kila asubuhi na ungo wake, akasema, "Haya, Bi Mbao," halafu akanyamaza, akalisha kuku. Zaituni alimsikia kutoka chumba cha pili na kila mara aliutazama mkono wake, uliolala juu ya shuka, akaona aibu kwa niaba yake.

Asubuhi moja Sikitu alitoka na kigoda, akakiweka kivulini mwa ukuta. Akaleta kitana na mafuta. Akatandika mkeka mbele ya kigoda, akakaa chini, akavua kilemba.

"Dada, unafanya nini?"

"Nasuka nywele."

Sikitu hakuwahi kukubali kusukwa. Utotoni alikimbilia kwa majirani, ukubwani alifunga kilemba na habari ikaishia hapo.

"Mkono bado," Zaituni alisema.

"Nimekuuliza mkono? Kaa. Ukiniharibu kichwa, mwenye lawama ni mimi mwenyewe, sina wa kumshtaki."

Zaituni akakaa kwenye kigoda. Kichwa cha dada yake kilikuwa kati ya magoti yake, kina mvi pembeni ambazo hakuwahi kuziona. Alizigawa nywele kwa mkono wa kushoto. Zilikuwa nyingi na ngumu. Kwa mazoea, bila kufikiri, kushoto kukaanza kuvuta, kwa haraka, kama kawaida yake.

Kulia kukainuka kutoka mapajani.

Si yeye aliyekuinua. Kulipanda polepole, kama kitu kinachopita ndani ya ukungu, kukasimama juu ya mkono wa kushoto, na kidole kimoja kikaugonga mgongo wake, mara moja.

Zaituni akaacha kuvuta. Hakuthubutu kupumua. Mbele yake Sikitu naye alikuwa ametulia, hajaona chochote, anasikiliza tu.

"Vipi huko nyuma?" Sikitu aliuliza.

"Ngoja," Zaituni alisema.

Wakangoja. Vifaranga walitoka mmoja mmoja mlangoni wakatawanyika juani. Mkono wa kulia ulichota nywele kwa vidole vitatu, ukatulia kidogo, kisha ukagonga mara mbili.